Siku Pauni Zilipolingana

Phelim Treanor alikuwa dalali, lakini msimdhanie kuwa mmoja wa wale madalali wa nyumba wenye tai shingoni. Yeye alikuwa dalali wa ng'ombe na farasi katika gulio la Drumgarve, kijiji cha Ireland ya kusini kilichobanana na mpaka kiasi kwamba jogoo wa kaskazini ndiye anayewaamsha watu wa kusini. Gulioni hapo hakuja na ng'ombe wa kuuza wala fedha za kununulia. Alikuwa na mikono miwili na mdomo, basi.

Siku ya gulio ungewakuta muuzaji na mnunuzi wamepeana mgongo. Huyu anasema ng'ombe wa mwenzake ni mifupa iliyovikwa ngozi, yule anasema afadhali amrudishe nyumbani akalale naye kitanda kimoja kuliko kumtoa kwa bei ya matusi. Hapo ndipo Phelim alipoingia. Alimdaka mmoja kwenye mkono wa koti, akamburuta hadi kwa mwenzake, huku akipiga kelele, "Njoo hapa, mwanamume mzima wewe! Unaondoka kwa ajili ya pauni tano? Marehemu mama yako angekuona angekufa tena! Gaweni tofauti katikati!" Kisha akauchukua mkono wa huyu akaupiga juu ya kiganja cha yule, pa! Mate yametemwa kiganjani, kiganja kimepigwa, maneno yamekwisha. Muuzaji anamrudishia mnunuzi vijisenti vya baraka ili mnyama asife njiani, na wote watatu wanaingia baa.

Neno lililopigiwa kiganja halikurudishwa. Huku kwetu mtu aliweza kumdanganya padri kwenye maungamo na afisa wa forodha barabarani, na akalala usingizi mnono. Lakini kugeuka baada ya kiganja? Ebo! Aliyewahi kufanya hivyo tulisikia habari zake tu, alikuwa amehamia Amerika.

Phelim alikuwa na kaka yake, Malachy, aliyemtangulia kwa miaka minne. Malachy alioa ng'ambo ya mpaka, akarithi shamba la baba mkwe huko Corraleek, upande wa kaskazini unaotawaliwa na London. Shamba lenyewe ungeliona ukisimama kwenye kilima cha Phelim. Askari wa Uingereza walikuwa wameilipua barabara ya katikati na kuweka matofali makubwa ya saruji, hivyo kwa gari ilibidi uzunguke nusu ya dunia, lakini kwa miguu, ukipita mashambani na kuruka kijito, ulifika kabla chai haijapoa. Na Phelim alikuwa akienda kila Jumapili baada ya misa. Wazazi wao walikwisha kufa, hawakuwa na ndugu mwingine. Malachy ndiye aliyemfundisha kuogelea, na ndiye aliyempigania shuleni. Phelim angeweza kukosa chakula, lakini si Jumapili ya Malachy.

Sasa ya pauni. Tangu enzi za babu zetu, pauni ya Dublin na pauni ya London zilikuwa kitu kimoja kwa thamani. Sarafu zilichanganyika mfukoni kama wageni wa arusi. Za kwetu zilikuwa na wanyama, samaki aina ya samoni, fahali, sungura, kuku na vifaranga vyake. Za kwao zilikuwa na uso wa malkia. Ulitoa uliyoishika, ukarudishiwa aliyoishika mwenye duka, na hakuna aliyetazama. Mambo yalikwenda hivyo kwa muda mrefu hata tukadhani ni Mungu aliyeyapanga.

Mwaka 1979, mwishoni mwa Machi, wakubwa wa Dublin wakaifunga pauni yetu kwenye fedha za Ulaya, London wakakataa kuingia, na ile kamba ikakatika. Pauni ya London ikapanda, yetu ikabaki chini. Mwanzoni ilikuwa tofauti ya peni mbili tu, lakini ilikuwa tofauti. Wanawake wa mpakani wakaanza kutembea na vijaluba viwili, kimoja kwa kila pauni. Wenye maduka wakabandika karatasi dirishani. Watu wakajifunza kuuliza, "Za wapi?"

Mwezi Februari wa mwaka huo Phelim alikuwa amekubaliana na Malachy kununua kwake farasi jike wa kijivu kwa pauni mia nne, malipo siku ya Pasaka. Walipigiana viganja wenyewe kwa wenyewe, bila dalali. Pasaka ilipofika Phelim akavuka na fedha zake, noti za Dublin, amezifunga kwa kamba ya viatu. Malachy akazitazama pale langoni.

"Za kwenu hizi," akasema.

"Ulitaka za nani, za Papa?"

"Mdogo wangu, tulikubaliana wakati pauni ilikuwa pauni. Benki ya huku watanikata. Niongezee kilichopungua."

"Nikuongezee! Mia nne nilisema, mia nne hizi hapa. Hesabu!"

"Mkono birika wewe. Tangu utotoni."

"Mimi? Wewe uliyemuuzia bibi mayai ya kuku wake mwenyewe?"

Mngewaona mngecheka, maana tofauti yenyewe haikufika bei ya kofia nzuri. Lakini ndugu wakigombana hawagombani juu ya kile kilicho mezani. Yakatoka mengine, ya shamba la baba, ya nani alimuuguza mama, ya nani alikimbilia kwa wakwe. Phelim akafoka hadi mishipa ya shingo ikamsimama. Mwishowe Malachy akapandwa na jazba, akatema mate kiganjani, akapiga nguzo ya lango.

"Usikanyage hapa mpaka pauni yako ilingane na yangu!"

"Haya!" Phelim naye akatema, akapiga nguzo ile ile. "Nikikanyaga kabla, niite mbwa!"

Akarudi nyumbani na fedha zake. Farasi akabaki kwa Malachy.

Mtu mwingine angelala, akaamka, akaona aibu, akarudi na chupa ya whiski kwapani. Lakini Phelim alikuwa dalali. Maisha yake yote yalisimama juu ya kiganja kilichopigwa. Usiku ule alimwambia mkewe Concepta, "Tumeshapatana," kwa sauti ile ile aliyoitumia kuelezea ng'ombe aliyeuzwa.

"Mmepatana nini? Mmegombana!"

"Tumegombana, ndiyo. Lakini tumepatana masharti."

Concepta akamtazama mumewe kwa muda mrefu. "Yesu, Maria na Yosefu," akasema, akaenda kulisha kuku.

Basi Phelim akaanza kungoja. Redio ya Dublin ilikuwa ikisoma bei za mifugo asubuhi, na baada ya mifugo ikasoma pauni yetu inapata peni ngapi za London, pauni kamili ikiwa peni mia. Phelim aliisogelea kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Tisini na saba. Tisini na mbili. Akadhani itageuka karibuni, wiki chache, kufikia Krismasi. Ikazidi kuteremka. Mwaka 1981 ikawa kama peni themanini hivi, na watu wa gulioni wakalalamika juu ya bei ya mafuta na televisheni, lakini Phelim hakuwaza televisheni. Kila peni iliyodondoka aliiona kama hatua ambayo kaka yake amerudi nyuma. Peni themanini! Malachy alikuwa amekwenda mbali, amekuwa mdogo kama mtu unayemwona ng'ambo ya ziwa.

Jioni, ukungu unapopanda kutoka kwenye maziwa na vilima vyetu vidogo vinabaki vikielea, alikaa kwenye kiti karibu na moto wa mboji iliyokaushwa, ambayo huku ndiyo kuni zetu, akasinzia. Aliota ndoto moja mara nyingi. Aliwaona wanyama wa sarafu wametoka mifukoni mwa watu, wako njiani kuelekea mpakani. Fahali alitangulia, kuku akafuata na vifaranga vyake, sungura akirukaruka pembeni, na samoni akiogelea hewani taratibu juu ya majani kana kwamba ukungu ni maji. Walifika kwenye lile shimo la barabara wakapanga mstari. Ng'ambo alikaa malkia mwenyewe, kwenye kiti cha jikoni, akiwapima mmoja mmoja kwa mizani ya duka. "Bado kidogo," alimwambia kila mmoja kwa upole. "Bado kidogo tu." Na Phelim alikuwa mle mstarini nyuma ya kuku, amevua kofia, hana hakika yeye ni mnyama gani.

Akiamka alimsimulia mkewe.

"Umeoa redio, mume wangu," Concepta alimwambia. "Mimi ni kijakazi tu humu ndani. Hebu inuka uende kwa kaka yako!"

"Hazijalingana."

"Nilimwona Dympna sokoni Clones." Dympna alikuwa mke wa Malachy. "Anasema Malachy kasema, Phelim lango analijua."

"Unaona?" Phelim akasema kwa uchungu. "Ananikumbusha lango. Hajasahau."

Concepta akatamani kumtupia sufuria. Nami, kusema kweli, ningemsaidia kuinyanyua. Kuna watu wameumbwa wasikie kile tu wanachokiogopa.

Mwaka 1986 pauni yetu ilipanda, ikapita tisini, ikapanda tena. Phelim akanunua shati jipya. Akakata nywele. Wenzake gulioni walimtania, "Phelim, unaoa mke wa pili?" naye akacheka tu, macho yanang'aa. Kisha Agosti wakubwa wa Dublin wakaishusha kwa amri, wikendi moja tu, bila kumuuliza mtu. Phelim alilikunja lile shati akaliweka kabatini. Alipokwenda kukamua ng'ombe wao mmoja alikaa kule zizini hadi maziwa yakapoa kwenye ndoo.

Ajabu ni kwamba kazi yake ilizidi kung'aa. Hakuna aliyepatanisha watu kama yeye. Walikuja hata waliogombana juu ya mipaka ya mashamba na urithi, akawaburuta, akawatukana mama zao kwa mapenzi, akawapiga viganja. Alipowaona wanakumbatiana aliwageuzia mgongo, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Ikafika Septemba 1992. Nyinyi mnaosoma magazeti mnajua, na sisi tulisikia hivyo hivyo. Jumatano ile pauni ya London ilipigwa na wafanyabiashara wa fedha hadi serikali yao ikanyoosha mikono ikaiacha ianguke. Alhamisi asubuhi Phelim alikuwa anakunywa chai. Redio ikasema bei za ndama, ikasema bei za kondoo, kisha msomaji akasita kidogo kama mtu aliyeona kosa kwenye karatasi. Pauni ya London ilikuwa bado inateremka, akasema, na hii ndiyo mara ya kwanza katika miaka kumi na mitatu hizi mbili kukaribiana hivi, pauni kwa pauni.

Phelim akakiweka kikombe chini.

"Concepta," akasema. "Umesikia?"

Concepta alikuwa amesimama mlangoni, machozi yanamlenga. "Nimesikia, mzee. Vaa viatu."

"Ngoja saa sita watasoma tena, nihakikishe..."

"Phelim Treanor, ukikaa kwenye kiti hicho nakivunja. Inateremka bado! Wakisoma saa sita itakuwa imeshapitiliza, nawe utataka kungoja tena irudi!"

Hilo hakuwa amelifikiria. Akavaa lile shati, ambalo sasa lilimbana tumbo, akatoka bila kofia.

Asubuhi ilikuwa ya ukungu mwepesi wenye jua ndani yake. Alishuka kilima, akapita kati ya mierebi, umande ukimlowesha hadi magotini. Kila kitu kilionekana kimesogea karibu, sauti za watu wa mbali, mbwa, trekta, helikopta ya jeshi mahali fulani juu asipoweza kuiona. Alipofika kwenye kijito akasimama, maana alikumbuka zamani alikiruka kwa hatua moja, na leo kilionekana kimepanuka. Akakipita kwa kuloa. Hapo katikati ya maji, mguu mmoja kwetu na mmoja kwao, alihisi wepesi ambao hakuwa nao tangu utoto, na akajisikia anacheka peke yake kama mwendawazimu. Zimelingana! Hakuwa amevunja neno. Alikuwa anakwenda kwa kaka yake kama mwanamume.

Akalivuka lango. Hakulitazama.

Malachy alikuwa nyuma ya nyumba anachimba viazi kwa uma wa shambani. Alikuwa amekonda, mabega yameshuka. Phelim akasimama mwisho wa tuta. Malachy akainua kichwa, akamtazama usoni, na asiseme chochote. Akainama tena, akachoma udongo.

Kumbe bado ana hasira, Phelim akawaza. Akapiga moyo konde.

"Kaka."

Uma ukasimama. "Nani huyo?"

"Nani tena! Mimi hapa."

Malachy akauachia ule uma ukaanguka. "Phelim?"

"Ni mimi. Nimekuja. Zimelingana, kaka. Asubuhi hii, redio imesema. Sijavunja neno."

"Nini zimelingana?"

"Pauni! Yangu na yako."

"Pauni gani?" Malachy akasogea, akijikwaa kwenye matuta, mkono mmoja mbele. "Unasema habari gani, wewe? Kuna mtu amekufa? Concepta yuko salama?"

"Yuko salama. Kaka, ulisema nisikanyage hapa mpaka pauni yangu ilingane na yako. Ukapiga kiganja. Nikapiga."

Uso wa Malachy ulikuwa wa mtu anayetafuta kitu kwenye chumba chenye giza.

"Nilisema hivyo?"

"Pale langoni. Pasaka."

"Nakumbuka tuligombana juu ya farasi. Nakumbuka ulivyofoka." Akatikisa kichwa. "Niliyosema mimi siyakumbuki, mdogo wangu. Nilikuwa na hasira, nilisema yaliyokuja. Jumapili iliyofuata Dympna alikuwekea chai. Nikasema ngoja, ana kiburi, atakuja wiki ijayo. Nikangoja. Farasi sikumuuza, nikasema wa Phelim huyo, atamfuata. Alikufa kwa uzee. Nilidhani umenichukia!"

"Nilikuwa nangoja pauni," Phelim akasema, na maneno yale, yaliyokuwa ya heshima mdomoni mwake miaka yote hiyo, yakatoka ya kijinga mno hata mwenyewe akatamani kuyameza.

"Mungu wangu," Malachy akasema. "Mungu wangu, Phelim. Pauni!" Akaanza kucheka, na Phelim akacheka, wakashikana mabega pale katikati ya viazi, wakicheka na kulia hadi Dympna akatoka jikoni na unga mikononi kuona kuna nini. Alipoona ni nani, akajifunika uso kwa aproni.

Walipotulia, Phelim akamtazama vizuri kaka yake kwa mara ya kwanza. Macho ya Malachy yalikuwa juu ya uso wake, lakini yalitua pembeni kidogo, karibu na sikio.

"Kaka, huoni?"

"Shii. Hajui mtu ila Dympna. Sitaki kuhurumiwa na kijiji kizima." Malachy akajifuta pua kwa mkono. "Yalianza kufifia mwaka juzi. Tangu majira ya baridi yaliyopita sioni ila mwanga na kivuli. Viazi navitafuta kwa mguu. Wewe nimekujua kwa sauti tu."

Phelim akamshika kaka yake mkono.

"Hebu niambie, umezeeka? Nywele unazo?"

"Pembeni tu."

"Meno?"

"Ya chini."

"Na umenenepa, nimekushika hapa nimesikia." Malachy akatabasamu, kisha tabasamu likaondoka polepole. "Sijui, Phelim. Unaniambia, lakini haliniingii. Nikikuwaza nakuona vile vile, pale langoni, umekunja uso, mishipa imekusimama, unanifokea. Huo ndio uso wako nilio nao. Sina mwingine."

Dympna akasema chai iko tayari. Malachy akajibu kwamba wanakuja. Phelim aliinama akauokota ule uma, akaanza kuchimba tuta lililobaki, kwa haraka, bila kuinua kichwa, ingawa kaka yake alikuwa amesimama pale pale akimwambia aache, viazi vinaweza kungoja.